Akaunti ya kampuni ndogo Dar: NMB, CRDB, benki ndogo ya jirani au Lipa Namba? Tulinganishe

Msafi wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Tumesajili kampuni BRELA mwezi uliopita, tuko wanahisa watatu, kazi yetu ni usafi wa maofisi na kupulizia dawa ya wadudu. TIN (namba ya mlipakodi) ipo, leseni ya manispaa ipo. Mpaka leo hela zote zinaingia kwenye laini yangu ya simu, na wenzangu wameanza kuniuliza maswali ambayo siwezi kuyajibu kwa kuwaonyesha meseji. Wana haki kabisa. Wiki hii shule moja ya Segerea imetuandikia hundi yenye jina la kampuni na hatuna pa kuipeleka.

Tunafikiria njia tatu: NMB au CRDB kwa sababu mawakala wao wako kila mtaa, benki ndogo yenye tawi karibu kabisa na ofisi yetu, meneja wake alitukaribisha mwenyewe na kutupa chai, au tuchukue Lipa Namba ya kampuni (namba ya kupokelea malipo ya simu) kwanza, benki baadaye. Tuna wafanyakazi 14. Naomba uzoefu wa kweli, siyo matangazo.

Dada Hesabu
Hongera Msafi. Nashika vitabu vya kampuni ndogo sita kati ya Sinza na Posta, na kila mteja mpya huanza na jina la benki. Mimi humrudisha kwenye meseji zake. Chukua za miezi mitatu, kaa chini, hesabu: hela iliingia mara ngapi na kwa njia gani, ilitoka mara ngapi na ikaenda kwa nani.

Kampuni ya usafi inalipa watu wengi hela ndogo ndogo. Ada ya mwezi ya kutunza akaunti haitawaumiza. Kitakachowala ni kutuma mara 14 kila mwisho wa mwezi kwenda kwenye simu au benki nyingine. Kwa hiyo waulizeni wafanyakazi wenu wana akaunti wapi kabla hamjaniuliza mimi. Wengi wakiwa benki moja, nusu ya jibu mnalo.

Halafu ombeni orodha ya ada kwenye karatasi na muisome nyumbani. Ni haki yenu, kanuni za Benki Kuu (BoT) za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinataka mteja aelezwe gharama wazi. Mkiisoma, tafuteni kama bei zimejumuisha VAT. Ada za benki zinatozwa VAT 18% tangu Julai 2016, na kama mauzo yenu hayafiki milioni 200 kwa mwaka na hamjasajiliwa VAT, hiyo 18% hamuidai popote. Inabaki kuwa gharama yenu.

Chuma Gerezani
Mimi niko kwenye moja ya hizo mbili kubwa, mwaka wa nane sasa. Naipenda kwa sababu ya wakala. Nafunga duka saa moja usiku, nampa wakala wa hapo mlangoni mauzo ya siku, silali na hela. Kwa mtu wa Kariakoo hilo peke yake linatosha. Ila tawini andaa muda. Ukienda tarehe za mishahara, asubuhi yote imekwisha.

Mkipata kazi za mikoani, ifikirieni NMB. Ilizaliwa 1997 benki ya NBC ilipogawanywa, ikarithi matawi mengi ya wilayani. CRDB nayo imesambaa sana. Kwa Dar tu sioni cha kuwatofautisha hao wawili zaidi ya tawi lipi liko njiani kwenu.

Mama Vitenge
Msiidharau benki ndogo. Kwangu afisa mikopo alikuja dukani, akahesabu mzigo, akaangalia daftari langu. Nilipopata LPO (oda ya maandishi ya manunuzi) ya sare za hospitali sikuwa na hela ya vitambaa, nikapewa mkopo wa muda mfupi kwa kutumia ile LPO, bila hati ya nyumba. Kule nilikokuwa kabla, kila nikienda namkuta afisa mpya na naanza kujieleza upya.

Mlinzi wa Akiba
Nakubaliana na Mama Vitenge, ila Msafi kumbuka Januari 2018, BoT ilifuta leseni za benki 5 ndogo kwa siku moja. Benki ikifungwa, Bodi ya Bima ya Amana inalipa wenye akaunti fidia yenye kikomo. Wakati ule kilikuwa milioni 1.5, mwaka 2023 kikapandishwa hadi milioni 7.5, kwa kila mteja katika kila benki. Hela ya mzunguko wa wiki ikae popote. Hela ya mashine mpya mnayoikusanya mwaka mzima, igawanyeni.

Dada Hesabu
Naongezea kuhusu mikopo. Benki yoyote itataka kuona mzunguko wa akaunti, mara nyingi wa miezi sita. Hela iliyopita kwenye laini yako binafsi haihesabiki kama mzunguko wa kampuni, hata kama ni ya kampuni. Kila mwezi mnaochelewa kufungua ni mwezi unaopotea.

Fundi Bango
Hakuna aliyegusa saini, na hapo ndipo mimi niliumia. Tulikuwa wawili, tukaandika benki kwamba saini zote mbili ni lazima. Mwenzangu akaenda Bukoba kumuuguza mama yake, akakaa wiki tano. Hela ilikuwepo kwenye akaunti, naiona, siwezi kuigusa. Vijana wangu wakakaa bila mshahara, nikamkopa shemeji. Simlaumu mwenzangu hata kidogo, mama ni mama. Kosa lilikuwa kwenye karatasi tuliyosaini kwa haraka siku ya kufungua.

Ninyi mko watatu, andikeni kwenye azimio la bodi: wawili wowote kati ya watatu. Asiwe mmoja peke yake hata kama mnaaminiana, na isiwe lazima wote. Kubadilisha baadaye kunataka azimio jipya, picha, vitambulisho vya NIDA na taarifa mpya za BRELA, na mambo yanasimama wakati mnasubiri.

Tena ulizeni kuhusu huduma ya mtandaoni. Je, mmoja anaandaa malipo na mwingine anaidhinisha kwenye simu yake? Benki yangu ya kwanza ililinda saini mbili kwenye hundi tu. Kwenye simu, mwenye neno la siri alikuwa anahamisha hela peke yake. Mkipata hiyo ya kuidhinisha ukiwa mbali, hata mmoja akiwa Bukoba kazi inaenda. Na hakikisheni namba za malipo za serikali zinalipika humo humo, maana PAYE, yaani kodi ya mishahara, inatakiwa kabla ya tarehe 7 kupita, na michango ya pensheni ya NSSF ina tarehe yake.

Ustaadh wa Ilala
Kama kuna mwenzenu hataki riba, Amana Bank inafanya kazi kwa misingi ya Kiislamu tangu 2011, na CRDB wana dirisha la Al Barakah. Kaeni mlizungumze watatu kabla ya kusaini.

Zabuni Mwenge
Lipa Namba ichukueni pia, wateja wa nyumbani watawalipa hapo. Ila isiwe peke yake. Mkitaka kazi za serikali mtajisajili NeST, mfumo wa zabuni za serikali mtandaoni, na malipo yanakwenda kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni. Jina hilo lilingane na la BRELA herufi kwa herufi. Mimi yangu iliandikwa "Co." badala ya "Company", malipo yakarudi.

Msafi wa Tabata
Nawashukuru sana. Jana nimepita kwa wafanyakazi: 9 kati ya 14 wana NMB, wawili CRDB, waliobaki wanapokea kwenye simu. Tumekubaliana NMB iwe akaunti kuu, wawili wowote kati ya watatu, na Lipa Namba kwa wateja wa nyumbani. Benki ya jirani tutaifungulia akaunti ya kukusanyia hela ya mashine, tukiiweka chini ya ile milioni 7.5, ili yule meneja aanze kutufahamu. Fundi Bango, nimewasomea wenzangu maneno yako yote. Kesho saa 3 asubuhi tunakutana kusaini azimio. Nimebeba cheti cha usajili, katiba ya kampuni, TIN, leseni, vitambulisho na picha. Kuna kinachokosekana?

Dada Hesabu
Fomu ya wamiliki manufaa (watu wanaoimiliki kampuni kwa kweli) mliyojaza BRELA, watawauliza. Na muhuri wa kampuni. Hundi ya shule iwekeni kwenye faili bila kuikunja, haitachacha wiki hii.