Mafundi pikipiki, nani kawafundisha kuchokonoa jeti kwa waya?

Wakuu, leo niacheni nitoe nyongo.

Nina Honda CG125 ya marehemu mzee. Kuukuu, ila chuma kweli. Kwa miezi miwili asubuhi ilikuwa inawaka kiki moja, lakini ikishapata moto haikai sailensa, yaani haitulii ukiachia mafuta. Ukisimama kwenye mataa inazima, na hapo utapiga kiki mpaka goti liombe poo huku daladala zinakupigia honi. Ikipoa, inawaka kama vile si yenyewe.

Fundi wa kwanza hakuuliza hata inaumwa nini. Kabureta chini! Kachomoa uzi mmoja wa waya wa breki, kaanza kuchokonoa jeti, kile kijipande chenye tundu la kupitishia mafuta, kama mtu anayetoa nyama kwenye meno. Jamani, ile ni shaba, laini! Tundu lake limepimwa kiwandani, ukilipanua huna jeti tena, una mpira wa kumwagilia bustani. Nikaondoka na moshi mweusi, siku tatu plagi imejaa masizi, mafuta inakunywa kama ng'ombe. Na ugonjwa wenyewe uko palepale.

Wa pili: "Hii imechoka bosi, weka pistoni na ringi." Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, hajapima. Hata kidole tu kwenye tundu la plagi hakuweka!

Jumamosi nikaazima fila geji, vile vijibati vya kupimia nafasi, nikafungua kifuniko cha roka (vile vimkono vinavyosukuma valvu) mwenyewe, injini ya baridi, alama ya T kwenye magneti nimeilinganisha ili pistoni iwe juu kabisa. Valvu zote mbili zinatakiwa ziachiwe nafasi ya 0.08 mm. Ya kuingiza iko sawa. Ya ekzosi? Hata kijibati cha 0.05 hakipenyi. Kwa hiyo ikipata moto valvu inarefuka, haifungi vizuri, kompresheni inavuja, pikipiki inazima. Legeza nati, rudisha skrubu kidogo, pima, kaza. Nusu saa, na sehemu kubwa nilikuwa natafuta spana.

Na msije na ile ya "hizi za zamani hatuzijui". Injini ya CG ndiyo Wachina waliyoinakili kwenye boda kibao mnazozifungua kila siku.

Sasa inatulia kwenye mataa, ila bado inakula mafuta mpaka nipate jeti nyingine. Jana niliifungua ile aliyoichokonoa, nikampelekea yule fundi wa kwanza aione. Kainyanyua juani, kafumba jicho moja, kachungulia:

"Mbona safi kabisa hii?"