Ala ya bastola haikai sawa: niipashe moto mwenyewe, nimkomalie mtengenezaji, au nitafute nyingine?

Mkesha_Ruiru
Wakuu, naomba tulinganishe kwa makini maana hili ni la usalama. Ni mmiliki halali, cheti kiko sawa, nabeba Glock 19 Gen5 (toleo la tano). Niliagiza ala ya Kydex, ile plastiki ngumu, ya kuvaa ndani ya suruali kwa mtengenezaji mmoja wa Nairobi, nikalipa zote kwa M-Pesa kabla kazi haijaanza. Kwa macho inapendeza na kingo zimepigwa msasa vizuri, ila bastola haikai. Lazima niisukume kwa nguvu, na hata ikiingia siusikii ule mlio wa kujifunga. Nikichomoa, ala nzima inapanda na bastola mpaka klipu inaachia mshipi. Nimelegeza skurubu za kubana, hakuna kilichobadilika.

Mtengenezaji alinijibu, "Itumie tu, itazoea." Nilipomweleza kwamba haizoei, akanyamaza.

Kuna anayenishauri niipashe moto mwenyewe nipanue panapobana. Mwingine ananiambia niachane nayo niagize ya nje, na mwingine niende kwa fundi wa ngozi. Mimi bado nataka haki yangu kwa huyu niliyemlipa. Ninyi mngeanzia wapi?

Mzee_wa_Shabaha
Anzia kwa kujua inakwama wapi, ndugu yangu. Toa magazini, vuta slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma), tazama chemba inamokaa risasi kwa macho kisha uguse kwa kidole, na risasi zote zipeleke chumba kingine. Sasa paka slaidi chaki ya ubaoni, juu na ubavuni. Ingiza, toa, utazame chaki imefutika wapi. Ukimaliza ifute bastola vizuri.

Ikifutika juu, huenda kilengeo chako cha mbele ni kirefu kuliko kile cha kiwandani na mfereji wake ndani ya ala ni mfupi. Ikifutika ubavu wa kulia, nina shaka na kitu kimoja. Gen5 ilipotoka mwaka 2017 iliongezewa wenzo wa kuzuia slaidi upande wa kulia. Gen3 na Gen4 zinao kushoto tu. Mtengenezaji akikandamizia Kydex yake kwenye umbo la Gen3, upande wa kulia hauachi nafasi ya huo wenzo. Ala nyingine zinapita hivyohivyo kwa sababu zina nafasi, zilizobana sana hazipiti.

Pwani_Kavu
Mimi nilishahama Kydex, navaa ngozi. Ngozi nzuri iliyofinyangwa ikiwa mbichi ndiyo kweli huzoea. Ikibana, unaifunga bastola tupu kwa mfuko mwembamba wa plastiki, unaisukuma ndani na kuiacha usiku kucha kwenye sefu, asubuhi imelegea kiasi. Jibu la "itazoea" lingekuwa sahihi kwa ngozi. Kwa Kydex huyo mtu anakupotezea muda.

Lakini sitakuficha ubaya wake. Huku Mombasa jasho na chumvi ya hewani huingia kwenye ngozi na kukaa humo, na slaidi inashika kutu upesi. Bastola usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Na ngozi ikichakaa mdomo wake hulegea, ukunjo unaweza kuingia kwenye pete ya kifyatulio wakati unarudisha bastola. Glock haina kizuizi cha kuzima kwa kidole gumba, kwa hiyo ukunjo huo ukisukuma kifyatulio, risasi inatoka ikielekea pajani kwako. Siku mdomo wa ala yangu utakapoanza kulegea, itakwenda jalalani.

Kijana_wa_Njiro
Salamu kutoka Arusha. Mkuu, usije ukakata tamaa ukanunua zile za nailoni zinazouzwa kwamba zinaingia bastola zote. Kitu cha kuingia bastola zote hakiwezi kuishika hata moja barabara. Kitambaa kinachofunika kifyatulio ni laini kiasi kwamba unaweza kukibonyeza ukiwa nje ya ala. Niliyopewa niliikata kwa mkasi ili asije akaitumia mwingine.

Kuagiza nje, ubora unaweza kuupata, hasa kwa hizi bastola zinazojulikana dunia nzima. Shida inakuja ukipata isiyokaa. Kuirudisha ni gharama yako, ushuru ulishalipa, na ile mpya ikija huenda utatozwa tena. Mtengenezaji aliye mji mmoja na wewe unaweza kumfuata mezani kwake. Hiyo ni faida kubwa, usiiachie kirahisi.

Moto_na_Msasa
Natengeneza ala za Kydex, ingawa si mimi niliyekuuzia. Naomba unisikilize kabla hujawasha kitu chochote.

Kydex ni plastiki inayolainika kwa joto, tunayotumia sana ina unene wa milimita 2 hivi. Bamba lilikuwa bapa, likapashwa, likakandamizwa kwenye umbo la bastola mpaka likapoa. Ukilipasha tena bila kulikandamiza, linataka kurudi ubapa wake. Utapasha upande wa kulia ulegeze mahali padogo, joto litasambaa, na mfuko wa pete ya kifyatulio utafunguka. Hapo ndipo panaposhika bastola na ndipo panapokulinda. Bastola itaingia vizuri, utafurahi, halafu itachomoka siku unaruka mtaro.

Kuna marekebisho ya joto yanayokubalika, kwa mfano kupanua kidogo mdomo wa ala. Hayo yafanywe na aliyeitengeneza, bastola ya mfano ikiwa ndani. Kama chaki itaonyesha ni wenzo wa kulia, ala hiyo haina dawa, inatakiwa nyingine. Ukiigusa kwa moto umempa kisingizio, atasema uliiharibu mwenyewe, na hutakuwa na la kumjibu.

Jambo jingine, mtengenezaji akikuambia umwachie bastola apimie, kataa. Huruhusiwi kumwachia silaha mtu asiye na cheti chake. Fundi makini ana umbo lake la plastiki la kila modeli anayoiuza. Asiyekuwa nalo asipokee oda.

Wakili_wa_Jioni
Kwa upande wa haki, msingi unao. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na ipo Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, nayo inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Je, kwenye oda uliandika Gen5?

Kama uliandika, acha kupiga simu, andika. Ujumbe mmoja wenye tarehe ya oda, ujumbe wa M-Pesa, modeli na toleo, picha za ala na alama za chaki, na unachotaka kwa uwazi: atengeneze nyingine au arudishe pesa, na umpe tarehe. Matusi yaache, na usimtangaze mitandaoni kabla hajapata nafasi ya kurekebisha. Tarehe ikipita bila jibu, kuna Mahakama ya Madai Madogo, na kesi kama hii unaweza kuisimamia mwenyewe.

Mkesha_Ruiru
Nimerudi. Chaki imefutika ubavu wa kulia, palepale penye wenzo, na juu haikuguswa. Oda yangu imeandikwa Gen5 wazi. Nilimtumia ujumbe kama alivyoelekeza wakili, na safari hii alijibu. Amekiri umbo analotumia ni la Gen3, anasema ameagiza la Gen5 na atanitengenezea nyingine bila malipo. Nimemwambia pesa zangu atazirudisha ikiwa tarehe itapita. Bastola iko kwenye sefu, siibebi na hii ala.

Ikifika mpya nianze na nini?

Moto_na_Msasa
Bastola tupu kama alivyoeleza mzee. Sikiliza mlio wa kujifunga. Tazama pete ya kifyatulio pande zote mbili, usione mwanya wa kupitisha kidole. Igeuze juu chini juu ya godoro na uitikise, isianguke. Toa bastola ukiwa umeivaa na mshipi umekazwa: mdomo wa ala ubaki wazi, na klipu isipande. Yakitimia hayo, rekebisha skurubu mpaka uridhike na ukazaji, kisha zitoe moja moja uzitie tone la gundi ya skurubu, ile ya bluu inayofunguka kwa bisibisi ya kawaida. Nyekundu usitumie, hutaweza kuzirekebisha tena bila kuipashia joto, na joto lenyewe ndilo tunalolikwepa.

Pwani_Kavu
Na mshipi, kaka. Ule laini wa ofisini hautaishika klipu hata ala iwe nzuri vipi. Tafuta mgumu wa tabaka mbili.