Maboma matatu, mpango mmoja wa miaka mitano: tunaanzia wapi ili hata moja likamilike?

Kisiki cha Mninga (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za kazi. Kijiji chetu hapa Tanzania kina mpango wa miaka mitano uliopitishwa na mkutano mkuu baada ya zoezi la Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Ndani yake kuna zahanati, vyumba viwili vya madarasa na nyumba ya mwalimu, na vyote vimeanzwa kwa nguvu za wananchi. Zahanati imefika kwenye renta (mkanda wa zege juu ya madirisha), madarasa yameishia usawa wa madirisha, nyumba ya mwalimu ni msingi tu. Kila mwaka tunaambiwa serikali itamalizia maboma, yaani majengo kama haya yaliyoishia njiani, na kila mwaka bajeti inapita bila sisi.

Naomba kueleweshwa: karatasi gani zifike wapi, na lini? Fedha ikija, nani ananunua na nani anajenga? Na je, tuchangishe tena sasa hivi au tusubiri?

Kalamu ya Kata

Mkuu, mpango wa miaka mitano unaonyesha mnataka nini. Bajeti hupangwa mwaka kwa mwaka, na kinachoingia humo ni kitu chenye jina, kiasi na viambatisho. Mkiandika "kukamilisha zahanati, madarasa na nyumba ya mwalimu", afisa mipango hana cha kuingiza kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri. Andikeni "Ukamilishaji wa jengo la zahanati, kijiji fulani: kuezeka, lipu, sakafu, milango na madirisha", halafu tarakimu mbele yake.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini foleni yake inaanza miezi mingi kabla. Septemba au Oktoba kamati ya fedha, uchumi na mipango ya kijiji ikae, ipeleke pendekezo halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu upitishe. Mkutano huo kisheria ni kila miezi mitatu, kwa hiyo wa robo ya Oktoba hadi Desemba ndio wenu, na uitishwe mwanzoni mwa robo. Muhtasari uende kamati ya maendeleo ya kata, ambako diwani ni mwenyekiti na mtendaji wa kata ni katibu. Januari na Februari wataalamu wa wilaya wanajumlisha, kamati ya fedha, uongozi na mipango ya halmashauri inapitia, baraza la madiwani linapitisha, kitabu kinakwenda mkoani. Ombi linalofika Machi limeshakuwa la mwaka unaofuata, hata kama mheshimiwa diwani ameliahidi jukwaani.

Viambatisho: muhtasari wa mkutano mkuu pamoja na orodha ya mahudhurio yenye saini, muhtasari wa kata, BOQ (orodha ya kazi na vifaa, vipimo na bei zake) yenye saini ya mhandisi wa halmashauri, picha za jengo lilivyo leo, na hesabu ya nguvu za wananchi zilizokwisha kutumika, kwa shilingi. Hiyo ya mwisho watu huipuuza. Mchanga, kokoto, maji na kuchimba msingi vina thamani. Pimeni sanduku la lori (urefu × upana × kina) mjue kila tripu ni mita ngapi za ujazo, zidisheni kwa bei ya eneo lenu, wekeni kwenye daftari. Boma lenye hesabu ya mchango lina hoja kuliko boma lenye malalamiko.

Kingine ni ardhi. Kama eneo lilitolewa na familia kwa mdomo, lirasimisheni sasa: barua ya aliyetoa, saini za warithi, vipimo vya eneo, na uamuzi wa mkutano mkuu ulioandikwa. Warithi hujitokeza jengo likishaezekwa, thamani ikiwa imepanda.

Na chagueni moja. Najua vitongoji vitagombana. Lakini kugawa mifuko 60 ya saruji kwa maboma matatu ni kuwaridhisha wajumbe tu, jengo halitoki hapo. Zahanati ndiyo iliyofika mbali zaidi kwa ujenzi, ianze hiyo. Mfuko wa Jimbo nao ni mlango: upo kwa sheria ya mwaka 2009, mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake, na kwa kawaida unafaa kwa kipande cha kazi kama mabati au saruji, siyo jengo zima. Karatasi wanazotaka ni hizo hizo.

Nondo Kumi na Mbili

Nakubaliana na Kalamu, ila BOQ isiandikwe mezani. Boma lililopigwa mvua misimu miwili siyo boma lile mliloliacha. Mhandisi aje na timazi na nyundo. Aangalie nyufa za ulalo kwenye kona za madirisha (msingi umetitia), nondo zilizoachwa wazi juu ya renta (kutu ikibanduka kwa magamba, zikatwe na kuunganishwa upya), mchwa, na udongo uliomomonyoka pembeni mwa msingi. Kozi za juu zikitikisika kwa mkono, zitolewe. Kazi hii isipokuwemo kwenye BOQ italiwa kwenye fedha ya mabati.

Kwa madarasa mawili yaliyopangana, kila kimoja mita 9 kwa 7, hesabu ya haraka ni hii. Kuta zina urefu wa mita 57 (tisa mara nne, saba mara tatu, kwa kuwa ukuta wa kati ni mmoja). Mmefika madirishani, zimebaki kama mita 2 kwenda juu: mita za mraba 114, toa nafasi za madirisha na milango, toa renta, inabaki takribani 80. Tofali za nchi 6 zinaingia 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo 800, wekeni 900 kwa sababu ya zitakazovunjika. Gebo (pembetatu za ukuta chini ya paa) hesabuni mbali.

Mfuko wa kilo 50 utoe tofali 20 hivi za nchi 6. Fundi anayewaambia 35 anawauzia mchanga uliokauka. Jaribio ni rahisi: tofali la siku 14 liangushwe kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu. Likipasuka vipande viwili mnaweza kuongea, likisambaratika rudisheni mzigo wote. Si kipimo cha maabara, lakini linakamata uongo mwingi.

Renta ya sentimita 15 kwa 20 kwenye mita 57 ni zege mita za ujazo 1.7. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) ni mifuko 11 ya saruji, wekeni 12. Nondo za milimita 12, nne kwa urefu wote, na maungio ya sentimita 60 kila zinapokutana: nondo 20 za mita 12, nunueni 22. Ringi za milimita 8 kila sentimita 20 ni 285, zinakula nondo 15. Mwagilieni siku 7 asubuhi na jioni. Mbao za chini ya renta zisiguswe kabla ya siku 14.

Kitu kimoja kinachoezua mapaa ya shule kila masika: mbao ya juu ya ukuta haikufungwa na chochote. Vipande vya nondo ya milimita 6 au waya mnene vizamishwe kwenye renta *kabla* zege halijamwagwa, kila mita moja na nusu hivi, virefu vya kutosha kupanda hadi kuifunga mbao hiyo. Zege likishakauka mtapigilia misumari na kuomba dua. Bati liwe geji 28. Geji 30 ni jembamba zaidi, namba isiwadanganye.

Kisiki cha Mninga

Asanteni sana. Hapo kwa nani ananunua bado. Fundi wa hapa kijijini anasema apewe fedha yote amalize kila kitu mwenyewe.

Risiti Kwanza

Usikubali, ndugu. Kwa utaratibu wa fosi akaunti, kijiji kinanunua vifaa na fundi analipwa ufundi tu. Fedha huingia kwenye akaunti ya kituo au shule husika, na kazi inasimamiwa na kamati tatu zenye watu tofauti: ya ujenzi, ya manunuzi, na ya mapokezi. Mjumbe wa manunuzi asiwe ndiye anayepokea mzigo. Hapo ndipo saruji 100 hugeuka 80 bila mtu kuona, kwa kuwa aliyeagiza, aliyehesabu na aliyesaini ni mmoja.

Manunuzi sasa yanapita NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma ulioanza mwaka 2023, na mafundi wa kawaida nao wanatakiwa kujisajili humo. Msingoje fedha iingie ndipo mtafute fundi mwenye TIN (namba ya mlipakodi) na usajili; mnaweza kupoteza mwezi mzima. Kitengo cha manunuzi cha halmashauri ndicho kinachowasaidia, mwandikieni mapema.

Mkataba wa fundi uwe kwa hatua, bila malipo ya awali. Kwa ukamilishaji wa zahanati mgawanyo kama huu unafaa: kuezeka asilimia 35, lipu na sakafu 35, milango, madirisha na rangi 20, halafu 10 ibaki miezi sita kwa ajili ya kasoro. Kila hatua ilipwe baada ya mhandisi kusaini, siyo mwenyekiti peke yake. Mwambieni fundi tangu mwanzo kwamba kuna kodi ya zuio asilimia 5 kwenye malipo ya ufundi. Ugomvi mwingi wa "mmenikata hela yangu" unatoka hapo. Kwenye bei za duka, ulizeni kama VAT imo na usafiri umo. BOQ iliyotumia bei za mjini bila nauli ya lori hadi kijijini huishiwa kabla ya sakafu, kila mara.

Daftari la stoo liwe na safu za tarehe, kilichoingia, kilichotoka, aliyechukua, kilichobaki. Risiti za EFD (mashine ya kodi) zikae faili moja na hati za mapokezi.

Halafu tarehe. Fedha ikiingia Mei, mnabaki na wiki chache kabla ya 30 Juni, na salio lisilotumika laweza kurudi Hazina. Mwombeni mkurugenzi wa halmashauri aombe kibali cha kuendelea nayo kabla mwaka haujafungwa. Msikimbilie kununua mabati yote siku za mwisho bila mbao. Yanalala stoo, yanapungua.

Kuhusu kuchangisha: msichangishe "kwa ajili ya maboma". Changisheni kitu chenye mwisho, mfano mbao za kuezeka zahanati, kwa stakabadhi, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe mkutano mkuu na kubandikwa ubaoni. Wazee wasiojiweza na wagonjwa wasamehewe kwa uamuzi ulioandikwa.

Mwana wa Wadi

Naongezea kutoka Kenya, maana ugonjwa ni ule ule. Huku CIDP, yaani mpango wa maendeleo wa kaunti, ni ya miaka mitano, lakini mradi usipokuwa kwenye mpango wa mwaka unaowasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, hauna pa kuingilia makadirio ya 30 Aprili. Watu hujaa kwenye vikao vya Mei kudai barabara wakati orodha ilishafungwa. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende maendeleo, lakini kwenye matumizi halisi kaunti nyingi hushindwa kuifikia, na mradi uliobaki unarudi mwaka ujao kama deni la mkandarasi. Ombeni nakala ya ukurasa wenye mradi wenu. Ahadi ya mdomo ya MCA (mwakilishi wa wadi) haina nambari.

Kalamu ya Kata

Sahihi kabisa, na huku pia: ombeni mtendaji wa kata awape ukurasa wa bajeti iliyopitishwa wenye jina la mradi na kasma (namba ya kifungu cha bajeti) yake.

Kisiki, kabla hujaondoka. Zahanati haifunguliwi kwa kuwa na paa. Mganga mkuu wa wilaya ataangalia choo, maji, kichomea taka, shimo la kondo la nyuma, na mahali pa mtumishi kulala. Viwekeni ndani ya BOQ hiyo hiyo, maana vikiachwa vinakuwa mradi mwingine wenye foleni yake. Maji yanaweza kuanza na mifereji ya bati na tenki la lita 5,000 juu ya kitako cha zege. Mwandikieni mganga mkuu pia sasa aiweke zahanati kwenye ikama (orodha ya watumishi wanaohitajika) ya mwaka huo huo wa bajeti, kwa sababu maombi ya watumishi yana ratiba yake, na jengo lililopakwa rangi bila muuguzi hugeuka stoo ya mahindi.