Naomba ushauri: nakala za DVD zinakwama kwenye PlayStation 2 yenye chipu

Ndugu wanachama, salaam. Nina PlayStation 2 iliyofungwa chipu ya kuiwezesha kucheza diski za kunakili, na gemu zangu nimezitengenezea nakala ili diski halisi zisizidi kuchubuka, kwani baadhi sidhani kama nitazipata tena. Nakala za CD zinacheza vizuri. Za DVD zinafunguka hadi kwenye menyu, kisha zinakwama video ya kwanza inapoanza, na nikitega sikio nasikia lenzi ikigonga, tik, tik, ikirudi nyuma na mbele. DVD halisi hazina shida hiyo hata kidogo.

Nimechoma upya kwenye DVD-R za aina nyingine, nikapunguza kasi kutoka 16x hadi 4x, nikahakiki nakala kwenye kompyuta bila kukuta kosa, na lenzi nimeisafisha. Kwa kuwa diski ya kuchomwa huakisi mwanga kidogo kuliko ya kiwandani, na CD husomwa kwa leza tofauti na ya DVD, ninashuku leza ya DVD imeanza kuchoka, ila naogopa kugusa skrubu ya nguvu yake, maana ukizidisha unaiunguza kabisa.

Je, dalili hizi ni za leza au bado ni za diski? Nitatofautishaje kabla sijanunua lenzi mpya?