Mchezaji akikosa nje ya uwanja, nani amwadhibu na kwa kipimo gani?

Meneja wa Timu

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote. Mimi ni meneja wa timu ya mpira wa miguu ya chuo na huu ni mwaka wangu wa sita katika kazi hii. Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limeninyima usingizi tangu Jumapili iliyopita.

Mshambuliaji wetu tegemeo, aliyefunga zaidi ya nusu ya mabao yetu msimu huu, aligombana bwenini na mwanafunzi mwenzake aliyemwomba apunguze sauti ya muziki usiku wa manane. Ugomvi uliishia kwenye ngumi, na kijana aliyepigwa ameshonwa nyuzi mbili kwenye mdomo wa juu. Mashahidi wapo wawili. Mchezaji mwenyewe hakanushi kwamba alipiga, ila anadai kuwa alitukanwa kwanza. Nusu fainali ni Jumamosi. Kocha amekwisha kumwadhibu kwa namna yake: alimkimbiza kuzunguka uwanja mara 30 alfajiri mbele ya wenzake, kisha akatangaza kwamba jambo limekwisha na kwamba mambo ya familia humalizwa ndani ya familia.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki. Mwanzoni mwa msimu, kipa wetu wa tatu, kijana ambaye hajawahi kucheza hata dakika moja ya mashindano, alikutwa amelewa kwenye lango la chuo, na kocha huyu huyu alimfukuza kikosini siku hiyo hiyo bila kumsikiliza. Mimi ndiye niliyepokea jezi zake. Alikuwa amezifua na kuzikunja vizuri, akaniuliza kama kuna siku ataitwa tena, nami sikuwa na la kumwambia.

Je, adhabu ya kosa lililotendeka nje ya uwanja ni ya kocha au ni ya chuo? Na je, ni haki kumzuia mtu asicheze kabla kamati ya nidhamu ya chuo, ambayo kwa kawaida huchukua wiki tatu, haijatoa uamuzi wake?

Kocha Mstaafu

Ndugu meneja, pole sana kwa mzigo huo. Nimefundisha timu za vyuo kwa miaka 22, na nitakujibu bila kuficha: kocha ndiye mtu wa mwisho anayefaa kupima adhabu ya kosa la namna hiyo. Sisemi hivyo kwa kuwadharau makocha, kwa kuwa nami ni mmoja wao. Nasema hivyo kwa sababu kocha ana mechi ya kushinda, na kumpa yeye aamue hatima ya mfungaji wake siku chache kabla ya nusu fainali ndiyo ile ya kupeleka kesi ya ngedere kwa nyani.

Nitakupa la kwangu mwenyewe. Msimu mmoja winga wangu alimtishia mwanafunzi wa kike kwa ujumbe wa simu, na uongozi ukaniachia mimi niamue. Nilikusudia kumfungia mechi nne. Usiku wa kuamkia mechi ya pili niliandika jina lake kwa penseli kwenye orodha ya kikosi, nikalifuta, nikaliandika tena, na asubuhi nikaipeleka orodha jinsi ilivyokuwa. Alifunga bao na tukashinda. Wiki iliyofuata yule binti alikuja ofisini kwangu, akakataa kuketi, akaniuliza swali moja tu: kama ningekuwa na winga mwingine mzuri, je, mechi nne zingebaki nne? Sikuweza kumjibu wakati ule, na hata leo sina jibu la kujitetea.

Hayo ya kumalizana ndani ya familia yana historia mbaya. Mwaka 2016, uchunguzi uliofanywa na kampuni ya mawakili katika Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, ulionyesha kwamba benchi la timu ya mpira wa Kimarekani lilikuwa likishughulikia lenyewe nidhamu ya wachezaji waliolalamikiwa, hata katika tuhuma za ubakaji, na kuziepusha tuhuma hizo na taratibu za chuo zinazowahusu wanafunzi wengine wote. Kocha mkuu alifutwa kazi na rais wa chuo akaondolewa kwenye nafasi yake. Lakini kwa wanawake waliolalamika madhara yalikuwa yamekwisha kutokea, kwa sababu walikuwa wamesikilizwa na watu ambao kazi yao ni kulinda kikosi.

Ushauri wangu ni kwamba kanuni iandikwe kabla ya msimu kuanza, wakati ambapo hakuna ajuaye kama atakayekosa ni mfungaji bora au kipa wa tatu, na kila mchezaji aisome na kuitia saini. Makosa madogo, kama kuchelewa mazoezini au kukosa kipindi darasani, yabaki kwa kocha. Penye madhara kwa mtu mwingine, kocha apeleke taarifa kwa mlezi wa wanafunzi siku hiyo hiyo, kisha akae pembeni. Adhabu ikishatolewa, kocha aruhusiwe kupendekeza nyongeza lakini asiruhusiwe kupunguza hata mechi moja. Kipengele hicho kimoja, laiti ningekuwa nacho wakati wa penseli yangu, kingeniokoa.

Mwanasheria

Nakubaliana na kocha katika mengi, ila swali lako la pili ndilo gumu zaidi, na naomba tulitazame kwa utulivu, kwa sababu haraka nayo huumiza watu.

Mwaka 2006 wachezaji watatu wa timu ya lakrosi, mchezo wa kurusha na kudaka mpira mdogo kwa fimbo zenye wavu, ya Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walishtakiwa kwa ubakaji. Chuo kilifuta sehemu yote ya msimu iliyobaki, kocha akajiuzulu, na vijana wale wakahukumiwa katika magazeti muda mrefu kabla ya shahidi yeyote kusimama kizimbani. Aprili 2007 mwanasheria mkuu wa jimbo la North Carolina alifuta mashtaka yote na kutamka wazi kwamba hawakuwa na hatia, na mwendesha mashtaka aliyeanzisha kesi akanyang'anywa leseni ya uwakili. Hivi karibuni zaidi, mwishoni mwa 2023, Chuo Kikuu cha Illinois kilimsimamisha mchezaji wa mpira wa kikapu aliyetuhumiwa kwa kosa la aina hiyo hiyo. Januari 2024 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamuru arudishwe uwanjani kwa muda, akiona kwamba yaelekea chuo, kikiwa cha umma, kilikiuka haki yake ya kusikilizwa ipasavyo, na Juni mwaka huo baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia.

Sitaji mifano hiyo ili kuwatetea watuhumiwa dhidi ya walalamikaji. Nataka tutenganishe vitu viwili ambavyo vyuo vingi huvichanganya: hatua ya tahadhari na adhabu. Tahadhari humlinda mtu au hulinda uchunguzi, nayo yaweza kuchukuliwa mapema, lakini haina budi kuwa ya muda mfupi, iwe na sababu iliyoandikwa, na isitangazwe kana kwamba ni hukumu. Adhabu hufuata baada ya ukweli kujulikana. Kumwamuru mchezaji asikaribie bweni la mlalamikaji ni tahadhari. Kumfungia mechi tano ni adhabu, hata ukiipa jina gani.

Na kusikiliza hakuhitaji wiki tatu. Mwaka 1975, katika kesi ya Goss dhidi ya Lopez, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba hata mwanafunzi wa shule ya umma anayesimamishwa kwa siku zisizozidi 10 lazima aelezwe anatuhumiwa kwa nini, aelezwe ushahidi uliopo iwapo anakana, na apewe nafasi ya kueleza upande wake, jambo ambalo laweza kufanyika dakika chache tu baada ya tukio. Mahakama nyingi za huko zimesita kuhesabu kucheza michezo yenyewe kuwa haki, lakini hekima ya kusikiliza kwanza inafaa popote. Watu watatu wasiotoka kwenye benchi la timu wanaweza kuketi ndani ya saa 48, wakamsikiliza kila upande kwa faragha, kila mmoja akiruhusiwa kuja na mtu wa kumsindikiza, na wakaandika uamuzi wa ukurasa mmoja.

Katika suala lako, mchezaji amekiri kupiga. Tukio halibishaniwi, na linalobishaniwa ni uchokozi, ambao waweza kupunguza uzito wa adhabu lakini haufuti nyuzi mbili mdomoni. Kwa hiyo sioni kwa nini kumzuia Jumamosi kusubiri kamati ya wiki tatu. Kama angekana na mashahidi wasiwepo, ningekushauri tofauti kabisa. Kipa wako, kwa upande mwingine, hakupata hata dakika moja ya kujieleza, na hilo linarekebishika.

Nahodha wa Zamani

Shukrani kwa kocha na kwa mwanasheria. Mimi nilikuwa nahodha wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu chuoni, na naomba niseme jambo ambalo halijaguswa. Mizunguko 30 ya alfajiri ilimnufaisha nani? Mchezaji amepata pumzi zaidi, wenzake wamepata cha kusimulia, na kijana mwenye mdomo ulioshonwa hakupata chochote, hata kuulizwa hali. Tulikuwa tukikimbizwa hivyo hivyo sisi, na ninavyokumbuka, mwenye kosa alirudi kutoka uwanjani akiwa shujaa aliyevumilia, watu wakimpigapiga mgongoni na kumpa maji. Hakuna aliyekumbuka alichokifanya. Mbio ni mazoezi, na kuzigeuza kuwa kitubio ni kuharibu vyote viwili.

Kabla ya jambo lolote, ndugu meneja, nenda ukamwone yule kijana. Usiende kumwomba asamehe, wala usiende na mchezaji. Muulize kama anapata usingizi katika bweni hilo, kama wapo wachezaji wanaomtazama vibaya kwenye foleni ya chakula, kama kuna aliyemshawishi aondoe malalamiko kwa ajili ya nusu fainali. Hilo la mwisho liulize kwa makini sana, kwa sababu mara nyingi shinikizo hutoka kwa mashabiki na marafiki, si kwa mkosaji mwenyewe. Ikiwa jibu ni ndiyo, basi una kosa la pili, na ni la watu wengi.

Hapo ndipo adhabu ya timu nzima inapoweza kuwa ya haki. Kwa kawaida naipinga, maana haifai kumnyima msimu beki aliyekuwa amelala chumbani kwake. Lakini mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Harvard kilifuta sehemu iliyobaki ya msimu wa timu yake ya mpira wa miguu ya wanaume, iliyokuwa ikiongoza ligi yake, baada ya kubainika kwamba wachezaji walikuwa na desturi ya kuandika tathmini chafu za kingono kuhusu wachezaji wa timu ya wanawake, na kwamba walipoulizwa mwanzoni hawakusema ukweli wote. Uovu wa pamoja uliofichwa kwa pamoja ulijibiwa kwa pamoja. Nilipousoma uamuzi ule nilifikiria mambo tuliyokuwa tukiyasikia kwenye korido za ukumbi wetu wa mazoezi na kuyanyamazia, na niliona haya.

Ninapotofautiana nanyi kidogo ni hapa: mzuieni asicheze, lakini msimfukuze mazoezini. Kijana wa miaka 20 mwenye hasira, aliyeondolewa kwa watu wote wanaomfahamu, haendi kujifunza utulivu peke yake chumbani.

Kocha Mstaafu

Dada nahodha, maneno yako kuhusu mbio yamenigusa, kwa sababu nilizitumia kwa miaka mingi. Kuhusu mazoezi sikubaliani nawe moja kwa moja. Kama uwanja unaonekana kutoka dirishani kwa aliyepigwa, basi kila jioni atamwona mtu aliyemuumiza akicheka na wenzake. Ningependekeza aendelee na mazoezi kwa sharti kwamba mlalamikaji ameulizwa na hana kipingamizi, na aanze kuonana na mshauri nasaha wa chuo wiki hii hii. Pia ufadhili wake wa masomo usiguswe na uamuzi wa kimichezo. Kumnyima mtu mechi na kumnyima elimu ni mambo mawili yasiyolingana, na la pili lisiamuliwe na yeyote isipokuwa kamati kamili ya chuo.

Meneja wa Timu

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Nimeona ni wajibu wangu kurudi kuwaeleza yaliyotokea.

Nilimwona yule kijana Jumatano. Aliongea kwa shida kwa sababu ya mdomo, na aliniambia kwamba mimi ni mtu wa kwanza kutoka kwenye timu kumuuliza hali. Hakuna aliyemtishia, ila wanafunzi wawili ambao si wachezaji walimwomba “afikirie chuo” mpaka Jumamosi ipite. Mlezi wa wanafunzi alimpa nafasi ya kuhamia bweni jingine, naye akauliza kwa nini ahame yeye. Mlezi alikubali kwamba swali ni la haki, na mchezaji ndiye aliyehamishwa jioni ile.

Alhamisi watu watatu waliketi: mlezi wa wanafunzi, mwalimu mmoja na mwakilishi wa wanafunzi. Walimsikiliza kila mmoja peke yake kwa muda usiozidi nusu saa. Mshambuliaji hatacheza nusu fainali wala fainali tukifika, na mengine yanasubiri kamati. Mazoezi ataendelea nayo, kwa kuwa mlalamikaji aliulizwa na akasema hana neno mradi wasikutane. Kocha amekasirika na haniongeleshi. Kipengele cha kuongeza bila kupunguza nimekiandika kwenye rasimu ya kanuni za msimu ujao, na yeye bado hajakubali kukitia saini.

Kipa wa tatu nilimpigia simu jana jioni. Atakuja Jumatatu saa tisa mchana kusikilizwa na watu wale wale watatu. Aliuliza kama anaruhusiwa kuja na mwenzake, nami nikamwambia anaruhusiwa.