Naomba ushauri: ninunue PS Vita iliyotumika au niachane nayo?

Wakuu, habari zenu. Kuna jamaa anauza PS Vita, mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, ile ya kwanza yenye kioo cha OLED. Bei inavutia sana, ila Sony waliitelekeza mapema mno. Ilitoka Japani Desemba 2011, miaka michache baadaye wenyewe wakaacha kuitengenezea gemu kubwa, na 2019 uzalishaji ukasimama.

Hofu yangu kubwa ni memori kadi. Inatumia za kwake tu, microSD haiingii, na kubwa kabisa iliyouzwa ni GB 64. Hazitengenezwi tena, kwa hiyo wenye nazo wanajipangia bei. Duka lake la gemu la mtandaoni nalo, Sony walitangaza Machi 2021 kuwa watalifunga, watu wakapiga kelele, Aprili wakaghairi. Lakini tangu Oktoba mwaka ule halipokei kadi ya benki moja kwa moja. Lazima uwe na salio kwenye akaunti kwanza.

Waliowahi kuimiliki, memori mnapata wapi? Zile adapta za microSD, ambazo lazima kwanza uchokonoe programu ya mashine, zinadumu? Na betri ikichoka, kuna fundi anayebadilisha? Au niongeze hela nichukue Switch Lite, mashine ya mkononi ya Nintendo?