Naomba ushauri: mashimo mawili ya theluji, majibu mawili tofauti

Wakuu habari. Naomba msaada kwa mnaoijua theluji ya Colorado, Marekani, upande wa njia ya milimani ya Berthoud Pass: nimechimba mashimo mawili kupima kama mteremko unaweza kuporomoka.

Mteremko unatazama kaskazini mashariki, nyuzi 34 hadi 37, juu kidogo ya mpaka wa miti. Chini kabisa kuna sentimita 25 za chembe kubwa, milimita 3 hadi 4, hazishikani hata ukizifinya ndani ya glavu. Juu yake limelala bamba, yaani tabaka gumu la theluji lililogandamizwa na upepo. Kwa ugumu, kidole hakipiti, penseli inapita.

Jaribio ni la nguzo pana: unakata nguzo ya theluji, sentimita 90 kwa 30, kisha unaipiga juu kwa mkono mapigo 30, kumi kutoka kifundo, kumi kutoka kiwiko na kumi kutoka begani, uone kama tabaka dhaifu litapasuka. Shimo la kwanza, bamba sentimita 85: pigo la 24, yaani la nne kutoka begani, ufa ukakata nguzo nzima papo hapo. Shimo la pili, mita 40 pembeni, bamba sentimita 105: mapigo yote 30 yakaisha, kimya.

Hilo la pili silihesabu kuwa salama, maana tabaka dhaifu likiwa chini hivyo nguvu ya pigo haifiki vizuri. Je, nihamie kwenye jaribio la msumeno, yaani kukata tabaka dhaifu kwa msumeno uone kama ufa utakimbia wenyewe, nguzo ya urefu sawa na unene wa bamba? Ufa ukikimbia hadi mwisho kabla sijakata nusu ya nguzo, mnaacha kabisa kuutumia mteremko? Na kwenye miamba, bamba linapokuwa jembamba, mnapita umbali gani kutoka hapo?

Transiva (kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa), sepetu na fimbo ya kuchomea theluji kila mtu anavyo, kwa hiyo hapo msihangaike.